Rakuni, Paka na Picha ya Mwenyekiti

Mazungumzo yetu ya leo ni kuhusu bango.

Unalijua bango ninalolisema. Linaingia kwenye kundi la WhatsApp siku ya Jumatatu, na kufika Ijumaa limeshatumwa tena na tena hadi umechoka kulifuta. Juu kuna nembo ya chama. Chini ya nembo kuna picha ya mwenyekiti amevaa suti, pembeni yake makamu, kisha katibu, mweka hazina, mlezi wa chama, na mgeni wa heshima ambaye picha yake imekatwa kutoka kwenye harusi ya watu. Ukitazama vizuri utaona bega la bibi harusi. Maandishi ni madogo mno, anwani ya ukumbi huioni mpaka uikuze kwa vidole viwili. Limeandikwa saa kumi kamili, na kila anayelisoma anajua maana yake ni saa moja jioni. Watu wanaliwekea dole gumba na mikono ya kuomba, basi. Siku ikifika, ukumbi umejaa nusu, na waliokuja ni wale wa kwenye bango pamoja na watoto wao.

Sisemi haya kwa kudharau. Vyama vyetu hapa Minnesota, vya Wakenya, vya Watanzania, vya Wakongo, vimefanya kazi kubwa. Vimesafirisha maiti mpaka kwao, vimelipa kodi ya nyumba ya mtu aliyepoteza kazi, vimempokea mgeni uwanja wa ndege akiwa na sweta moja jembamba mwezi wa Januari. Kazi ipo. Kinachonikera ni kwamba kazi haionekani, inaonekana suti. Kwa hiyo nimetazama hapa hapa kwenye miji yetu pacha, Minneapolis na Saint Paul, nikajiuliza ni mashirika gani yamewahi kuteka watu mtandaoni bila kumwaga fedha kwenye matangazo, na yalifanyaje. Mifano ni mingi kuliko nilivyodhani, na mmoja una mkia.

Rakuni wengi wetu tumemjua baada ya kufika huku. Mnyama mkubwa kuliko paka, mkia wa mistari, weusi kuzunguka macho, mpekuzi wa mapipa ya taka. Juni 12, 2018, mmoja wao alionekana katikati ya Saint Paul akipanda ukuta wa nje wa jengo la UBS lenye ghorofa 25. Hapo jirani ndipo zilipo ofisi za Minnesota Public Radio, redio ya umma ya jimbo. Mwandishi wao Tim Nelson akaanza kueleza kwenye Twitter alichokiona: kapanda, kapumzika ukingoni mwa dirisha, kalala kidogo, kaendelea. Wafanyakazi wa maofisi wakabandika nyuso kwenye vioo vyote. Kufika jioni, watu wa nchi ambazo hazina hata rakuni mmoja walikuwa wanauliza amefika wapi. Alama ya reli waliyoitumia kumfuatilia ilibeba herufi za redio: MPR Raccoon. Usiku wa manane ukapita, na alfajiri ya Juni 13 akafika kwenye paa, akakuta mtego wenye chakula cha paka, akaingia. Baadaye akaachiwa porini, mzima wa afya.

Hapakuwa na kikao cha kamati ya uenezi. Kingekuwepo, akidi ingetimia wakati rakuni ameshashuka. Na redio ile haikusema popote kwamba yenyewe ndiyo bora, inayoaminika, iliyo mstari wa mbele. Ilichungulia dirishani ikasimulia kinachotokea, saa baada ya saa, na hiyo ndiyo kazi ya redio tangu redio ianze. Mtu wa mbali aliyekuwa hajawahi kusikia herufi hizo tatu alizijua siku ile kwa sababu aliona wanachofanya.

Mtasema ile ilikuwa bahati, rakuni hapandi ukuta kila Jumanne. Kweli. Basi tuhamie ng'ambo ya mto, Minneapolis, kwenye jambo lililopangwa.

Kituo cha sanaa cha Walker kiko karibu na ile bustani ya sanamu yenye kijiko kikubwa na cheri juu yake. Nusu yenu mna picha mmepiga pale, mnazituma nyumbani. Wangapi mmeingia ndani ya jengo? Ndiyo tabu waliyokuwa nayo Walker. Sanaa ya kisasa inamtisha mtu. Anadhani atasimama mbele ya turubai tupu aonekane mjinga. Kuanzia 2010 wakafungua kiwanja chao cha nyasi wakati wa kiangazi, wakakiita Open Field, watu waje na mambo yao wenyewe. Mwaka 2012 mfanyakazi wao mmoja, Katie Hill, akaleta wazo ambalo kwenye chama chetu lingechekwa na kufungwa kwenye kumbukumbu za kikao: tamasha la video za paka za kwenye intaneti.

Utaratibu wenyewe ndio nataka mwusikilize kwa makini. Hawakukaa ofisini wakachagua video kisha wakatangaza. Waliwaomba watu wapendekeze. Kila mwenye paka, kila aliyewahi kucheka saa saba usiku kwa sababu ya paka wa mtu asiyemjua, akatuma pendekezo lake, na mapendekezo yakamiminika kwa maelfu. Watu wakapiga kura kumchagua mshindi. Ulipofika Agosti 30, 2012, watu zaidi ya 10,000 walikuja na mikeka na blanketi, wakakaa kwenye nyasi wakatazama pamoja video ambazo kila mmoja wao angeweza kuzitazama bure kitandani. Zawadi ilikwenda kwa filamu ya Will Braden kuhusu Henri, paka mweusi na mweupe anayenung'unika kwa Kifaransa kuhusu ubatili wa maisha yake. Mwaka uliofuata ikabidi wahamie kwenye uwanja wa maonyesho ya jimbo, kwa sababu nyasi za nyumbani hazikutosha.

Kwa nini mtu atoke nyumbani kwenda kutazama kitu kilichomo mfukoni mwake? Nimelitafakari hili. Sababu moja ni kwamba kucheka peke yako si kucheka. Ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba aliyependekeza alikuwa ameshaweka mkono wake. Mtu aliyetuma jina la paka wake hawezi kukosa siku ya hukumu, na atakuja na dada yake na majirani. Walker hawakuomba kutazamwa, waligawa kazi. Mtandao ulikuwa mahali pa kugawia kazi hiyo, na tangazo likajieneza lenyewe kwa sababu kila mwenye kazi aliizungumzia kazi yake.

Kulikuwa na walionuna. Walisema jumba la sanaa lenye heshima limejishusha. Mimi nawaelewa nusu. Umati kwenye nyasi haukuhakikishii kwamba kuna aliyeingia ndani akatazama mchoro. Tamasha lao la mwisho lilikuwa 2015, kwenye uwanja wa besiboli wa CHS Field, Saint Paul, likajaza watu, na baada ya hapo Walker wakaliacha. Kuliacha jambo likiwa bado linajaza uwanja si rahisi. Kwetu sisi, jambo likifana mara moja linafanywa mpaka waliolianzisha wazeeke nalo.

Fikirini sasa kwa upande wetu. Hapa kuna wazee waliofika miaka ya themanini, wakati duka la kuuza unga wa sembe lilikuwa la kutafuta kwa tochi. Tuseme chama kinawaambia vijana: kila mmoja amrekodi mzee mmoja, kwa dakika moja tu, akisimulia majira yake ya kwanza ya baridi, tutazionyesha zote ukumbini, mtapiga kura. Kila mjukuu atamleta babu yake. Mwenyekiti atapata kiti, usiwe na shaka, lakini atakaa huku akicheka na wenzake.

Hata ofisi za serikali zimeliona hili. Idara ya uchukuzi ya Minnesota, ambayo watu huikumbuka wakati wa kuilaumu tu, majira ya baridi ya 2020 kuingia 2021 iliwaomba wananchi wayape majina magari ya kusukuma theluji. Mapendekezo karibu 24,000 yakaja. Likashinda jina la Plowy McPlowface, utani wenye asili yake Uingereza, na kila wilaya kati ya wilaya zake nane ikapata gari lenye jina. Sasa shindano hilo ni la kila mwaka. Theluji bado inafunga barabara, lakini gari lenye jina hulitukani kwa urahisi.

Sasa niliguse jambo zito zaidi, ambalo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Kati ya 2007 na 2009, vijana zaidi ya 20 wa Kisomali waliondoka Minneapolis kwenda kujiunga na kundi la al-Shabaab. Oktoba 2008 mmoja wao, Shirwa Ahmed, alijilipua kaskazini mwa Somalia. Agosti 2013 al-Shabaab wakatoa filamu mtandaoni kuwatukuza vijana wa Minnesota waliofia huko, na mwezi uliofuata likatokea shambulio la Westgate, Nairobi. Tukubali ukweli mchungu: wale watu waliujua mtandao. Walizungumza kama vijana, kwa Kiingereza cha vijana, wakijua hasa kijana wa miaka kumi na saba anayeishi ghorofani mtaa wa Cedar-Riverside anaumwa wapi. Sisi wakubwa tukajibu kwa matamko. "Sisi viongozi wa jumuiya tunalaani vikali." Kijana gani ameshawahi kusoma tamko mpaka mwisho?

Mohamed Ahmed hakuandika tamko. Alikuwa meneja wa kituo cha mafuta hapa Minneapolis. Hakuwa shehe, profesa wala afisa. Alianzisha shirika dogo, akaliita Average Mohamed, yaani Mohamed wa kawaida, yule unayempa noti anakurudishia chenji. Akatengeneza katuni fupi. Ndani yake yumo huyo Mohamed, anauliza maswali mepesi yenye majibu mazito: kazi uliyoahidiwa na wale watu ni kazi gani hasa? Dini yako inasemaje kuhusu kuua asiye na hatia? Katuni hizo zikatolewa kwa Kiingereza, Kisomali, Kiarabu na Kiswahili, na kwa njia hiyo maneno yaliyotungwa Minneapolis yakaweza kusikika Eastleigh na Mombasa bila mkalimani.

Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya London, Institute for Strategic Dialogue, ilichapisha matokeo ya kampeni tatu ndogo za aina hii, ya Average Mohamed ikiwa mojawapo. Kwa jumla, video za kampeni hizo zilitazamwa zaidi ya mara 378,000. Mashirika matatu madogo yasiyo na idara za uenezi! Lakini mimi idadi si inayonivutia sana. Kinachonivutia ni kwamba alijua anazungumza na nani. Bango letu linaanza na "umma wote mnakaribishwa", na umma wote ni mtu asiyekuwepo. Yeye alimlenga mtoto ambaye bado hajafikiwa na wale wa upande wa pili, akachagua katuni kwa sababu mtoto hutazama katuni, akaifanya fupi kwa sababu mtoto hana subira. Hakuna haja ya kusoma chuo ili kuyajua hayo. Mtu anayesimama nyuma ya kaunta kutwa anaongea na wateja wa kila aina huyajua.

Na kuna upande wa fedha. Miaka hiyo hiyo serikali ya shirikisho ilileta mipango ya kuzuia itikadi kali, na Minneapolis ikawa moja ya miji mitatu ya majaribio. Wengi katika jamii ya Kisomali waliitilia shaka. Waliona ni upelelezi uliovishwa nguo za msaada. Februari 2017 Ka Joog, shirika la vijana wa Kisomali la hapa Minneapolis, likakataa ruzuku ya serikali ya karibu dola 500,000. Nusu milioni! Habari hiyo ikazunguka nchi nzima. Nadhani hakuna tangazo la kulipia ambalo lingewatambulisha vizuri kuliko uamuzi ule. Watu walijua wao ni akina nani kwa kuona wanachokikataa.

Saint Paul nayo ina habari yake. Philando Castile alikuwa msimamizi wa huduma ya chakula katika shule ya J.J. Hill Montessori. Julai 6, 2016, aliuawa na polisi Falcon Heights, na dunia ikaona dakika zile za mwisho kwa sababu mpenzi wake alizirusha moja kwa moja Facebook. Waliomfahamu shuleni walisimulia kwamba aliwajua watoto kwa majina, nani ana mzio wa nini, na kwamba mtoto aliyepungukiwa fedha ya chakula alimlipia mwenyewe. Mwaka uliofuata Pamela Fergus, mhadhiri wa chuo kikuu cha Metropolitan State, akaanzisha na wanafunzi wake mchango mtandaoni wa kulipa madeni ya chakula cha watoto mashuleni. Walilenga dola 5,000. Zilipita 100,000, na madeni ya watoto katika shule zote 56 za umma za Saint Paul yakalipwa.

Ona walivyoomba. Hawakuomba fedha "kwa ajili ya kumuenzi marehemu", maneno ambayo yangefaa lakini hayaonyeshi kitu. Waliomba fedha za sahani. Mtu wa Oregon au wa Uholanzi alijua dola zake chache ni chakula cha mtoto fulani mchana fulani, na kwamba anaendeleza alichokuwa akifanya Philando kwa mkono wake. Harambee zetu tunaanza na bajeti ya jumla: ukumbi, vyakula, sauti, ulinzi, mengineyo. Hayo "mengineyo" ndiyo yanayofunga mifuko ya watu.

Wenye vyama vilivyosajiliwa nawakumbusha pia siku ya Novemba inayoitwa Give to the Max. Ilianza Novemba 17, 2009, chini ya shirika la GiveMN, na ndani ya saa 24 watu zaidi ya 38,000 walichangia kama dola milioni 14 kwa mashirika ya Minnesota. Wana ujanja mmoja mzuri: bahati nasibu, ambapo mchango wa mtu yeyote, hata ukiwa mdogo, unaweza kuliletea shirika alilolichagua fedha za nyongeza. Kwa hiyo watu hukesha. Ubaya ni kwamba siku ile kila shirika linapaza sauti, simu yako inatetemeka kuanzia asubuhi, na asiye na la kuonyesha hasikiki. Novemba 2013, wachangiaji wakiwa wengi, tovuti ilizimika kwa saa kadhaa.

Kuzimika huko kunanileta kwenye jambo la mwisho, ambalo wenye kuota umaarufu hawalipendi. Je, watu wakija?

Mei 25, 2020, George Floyd aliuawa Minneapolis. Msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, alirekodi kwa simu yake, na ulimwengu ukasimama. Watu kila pembe walitafuta mahali pa kupeleka hasira yao, na jina moja likazunguka mitandaoni: Minnesota Freedom Fund, mfuko mdogo wa kuwalipia dhamana watu wasio na uwezo. Ulikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu. Ndani ya wiki chache ukapokea zaidi ya dola milioni 30. Wenyewe hawakuwa wamefanya kampeni yoyote ya kuzitafuta fedha hizo. Zilikuja kwa mkondo wa watu kushindana kuonyesha risiti za michango yao. Walifanya jambo ambalo sijui chama gani chetu kingelifanya: waliwaambia watu hadharani, jamani, tuna za kutosha, pelekeni kwa wengine, na wakawatajia mashirika hayo. Hata hivyo lawama hazikukosa. Katikati ya Juni waliposema wametumia zaidi ya dola 200,000 kwa dhamana, wale wale waliowasifu wiki mbili nyuma wakawageuka: ziko wapi nyingine? Maelezo yalikuwepo. Dhamana hulipwa kesi kwa kesi, na watu wachache hawawezi kuzunguka jela zote kwa wakati mmoja. Lakini maelezo hayo yalichelewa kufika, na mtandao haukuwa na subira ya kuyasubiri.

Kwa hiyo, mwenyekiti wangu uliyenipigia wiki hii ukitaka kujua namna ya kupata watazamaji 10,000 kwenye TikTok, nina maswali kabla ya majibu. Akaunti ya benki ina sahihi za watu wangapi? Usajili wenu wa kutotozwa kodi umekamilika au bado ni "tunashughulikia"? Kijana aliyetengeneza ukurasa wenu wa Facebook, yule aliyehamia Texas, neno la siri mnalo? Na mtu akiuliza mchango wake umefika wapi, nani anamjibu? Msimpe kazi hiyo katibu kwa sababu tu ni katibu. Analala saa tatu. Mpeni mmoja wa wale wanaofanya zamu ya usiku kwenye nyumba za wazee. Saa tano usiku za hapa, wakati wa kiangazi, ni saa moja asubuhi Nairobi. Ndugu wa kule wameamka, wameona video yenu, na yeye yuko macho.